Fuvu la Ng'ombe Kibarazani

Kibaraza changu kina rangi nusu. Ukuta wa kushoto una rangi ya udongo wa kuchomwa, kama chungu kipya, kuanzia sakafuni hadi juu. Ukuta wa kulia rangi inaanza vizuri pembeni, inakuja, inakuja, halafu inakatika katikati. Baada ya hapo ni matofali tu, mekundu ya kizee kama ya nyumba zote za mtaa wetu wa Shard End, huku ughaibuni. Yule anayeleta barua aliniuliza tutamaliza lini. Nilimwambia sijui, na hilo lilikuwa jibu la kweli kuliko majibu mengi niliyotoa mwaka huu.

Aliyekuwa akipaka ni binti yangu. Ana miaka kumi na tisa. Alikwenda chuo kikuu mji mwingine mwezi wa tisa, na mabegi mawili na sufuria yangu nzuri ya wali, akarudi mwezi wa kwanza bila sufuria. Alipanda ghorofani akafunga mlango. Wiki zikawa miezi. Daktari alimpa vidonge na karatasi yenye namba ya simu. Mimi nilimpa uji, visomo, ugomvi, na uji tena. Baba yake tuliachana zamani, ana watu wake mji mwingine, kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu wawili, na ndani ya wawili hao mmoja alikuwa haonekani.

Aliniomba kitu kimoja tu: nisimwambie mtu. Ananijibu Kiingereza siku zote, tangu alipoanza shule, nami maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili kama nilivyoyaelewa. Alisema, "Mama, wakijua, nitakuwa hivyo kwao mpaka nife." Nikachukua msahafu, nikaweka mkono juu yake, nikala yamini kwamba siri hiyo haitatoka kinywani mwangu. Hakuniomba niape. Niliapa mwenyewe, kwa kuwa nilitaka anione mkubwa.

Inafaa nieleze kwa nini siri ilikuwa nzito kwangu pia. Asubuhi nafanya kazi jikoni kwenye hospitali moja ya Edgbaston, nakata mboga na kupanga trei. Hakuna anayenijua huko zaidi ya jina lililo kifuani. Lakini jioni, na Jumamosi asubuhi, sebule yangu ilikuwa chuo cha Kurani. Miaka kumi na moja nimewafundisha watoto wa Watanzania na Wakenya wa upande huu wa mji alifu na bee, mpaka wanahitimu juzuu. Kumi na watatu walikuwa wanakaa kwenye mkeka wangu. Mama zao waliniita Mwalimu, hata walionizidi umri, na mimi nilizoea. Mtu aliyezoea kuitwa Mwalimu akikosa kuitwa anahisi baridi.

Walipoulizia mwanangu, nilisema anasoma kwa kompyuta siku hizi. Wakasema mashallah.

Kuna jingine. Mwezi wa pili, nilipokuwa nimechoka kabisa, nilichukua pilipili kavu saba na chumvi ya mawe, nikaingia chumbani kwake amelala mchana, nikazizungusha juu ya kichwa chake kama bibi yangu alivyokuwa akitufanyia Tanga. Kisha nikashuka nikazichoma kwenye kikaango, kwa vile mkaa sina. Kwetu pilipili hizo zisipowasha, basi mtoto kapigwa jicho na mtu. Hizi ziliwasha mpaka king'ora cha moshi kikalia, na jirani yangu Mkongo akaja mbio na taulo lililolowa akidhani tunaungua. Binti yangu alitoka chumbani akikohoa, akauliza nachoma nini. Nikasema vitunguu. Kwa hiyo hakuwa na jicho la mtu, na mimi nikabaki sina wa kumlaumu.

Siku moja ya mwezi wa nne aliingia jikoni mwenyewe, na simu mkononi, akanionyesha picha. Zilikuwa nyumba za jangwani Marekani, upande wa kusini magharibi, karibu na Meksiko. Kuta za udongo zenye kona za mviringo, baraza pana, vyungu, mimea ya miiba, mablanketi ya mistari, vishada vya pilipili nyekundu vinaning'inia nguzoni.

"Naomba nikitengeneze kibaraza chetu hivi," alisema.

Nikamwambia hizo ni nyumba za udongo, na kwetu watu wanakesha wakiomba Mungu awatoe humo. Mdomo wake ulisogea. Haukufika kwenye kicheko, ila ulisogea, na mimi nikageukia sinki nikaosha kikombe kilichokuwa safi.

Nilimuuliza kwa nini jangwa. Akafikiri. Akanionyesha mpungate mmoja mrefu, peke yake kwenye mchanga. "Huu unaweza kukaa mwaka mzima bila kukua hata kidogo," alisema, "na hakuna anayesema unaumwa."

Tulianza Jumapili ya wiki ile ile. Alitoka nje ya nyumba, akapanda basi pamoja nami mpaka mjini, tukabadilisha, tukaenda Northfield kwa sababu alisikia maduka ya mitumba ya hisani ya kule yana vitu. Njia nzima nilikaa kimya, kwani niliogopa nikisema neno ataamka na kutaka kurudi. Tulipata blanketi lenye mistari ya vipembe vyekundu na samawati, jua la bati lenye macho, na vyungu vinne vya udongo. Alivibeba vyungu mwenyewe mapajani kama mtu aliyebeba watoto.

Halafu ikaja mipungate mitatu midogo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini niliimwagilia maji, nikiiombea dua. Wiki ya pili mmoja ukalainika kama ndizi iliyooza. Binti yangu alikuja akaubonyeza kwa kidole. "Mama, unauzamisha," alisema. Nikasema sasa mmea gani unakataa maji. Akacheka. Alicheka kwa sauti, ameshika mlango, na mimi ningezamisha mipungate yote ya dunia nisikie tena.

Kishada cha pilipili tulikitunga pamoja. Nilinunua pilipili ndefu nyekundu kwa Wahindi, tukakaa mezani na sindano na uzi mnene, mimi natoboa vikonyo, yeye anapanga. Macho yalituwasha sote. Mikono ikishughulika, mdomo wake ulifunguka. Alinieleza kidogo kidogo habari za chumba chake kule chuoni, jinsi alivyokuwa akisikia wenzake wanapita kwenda kula na yeye hawezi kuinuka kitandani. Alisema alijaribu kunipigia simu mara nyingi, akakata kabla haijaita. Sikumuuliza kwa nini. Nilitoboa pilipili. Tukazianika juu ya rejeta ya kupashia nyumba joto, nyumba nzima ikapiga chafya wiki moja.

Fuvu aliliagiza kwa simu, likaja kwa kisanduku. Fuvu la ng'ombe, jeupe, lenye pembe mbili ndefu zilizopinda. Lilikuwa la plastiki. Nyuma limebandikwa karatasi inayosema lioshwe kwa maji ya uvuguvugu. Alipanda kwenye stuli akalipachika juu ya mlango wa kibaraza, katikati kabisa, na kishada cha pilipili akakining'iniza chini yake.

Nilipoliona nilijua. Mtu yeyote aliyekulia kwetu angejua. Pembe juu ya mlango, na chini yake pilipili: hapo umewaambia wapita njia wote kwamba nyumba hii ina mganga, na mganga huyo kalipwa vizuri. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningesema, mwanangu, yote sawa, ila hili liweke ndani. Lakini alikuwa juu ya stuli na nyundo, anaimba puani, na nilikuwa sijamsikia akiimba tangu aondoke na sufuria yangu. Nikamwambia linapendeza.

Jumatatu walikuja watoto kumi. Jumanne saba. Simu yangu ikaanza kupokea ujumbe wa heshima. Huyu ana mafua, Mwalimu. Huyu ana mtihani. Wazazi wa hawa wanahamia zamu nyingine ya kazi, gari hakuna. Sisi watu wa pwani hatumwambii mtu jambo usoni. Tunaugua mafua mpaka aelewe. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa na watoto wanne, na wawili kati yao walikuwa wakipita mlangoni wameinama, wanakimbia, kama wanaokwepa mvua.

Aliyeniambia wazi ni jirani yangu Mkongo, ambaye hana muda wa mafua. Alinikuta naweka taka nje.

"Mama, mimi nitakuambia, juu bale bengine habatakuambia," alisema kwa Kiswahili cha kwao, ambacho "wa" hugeuka "ba". "Banasema uko natumika dawa. Ile kichwa ya ngombe pa mulango, na bile pilipili. Njo maana batoto habakuye tena."

"Ni plastiki," nikasema.

"Mimi najua ni plastiki. Lakini nani anaweka pembe pa mulango juu ya uzuri tu?"

Damu ilinichemka. Mimi niliyewafundisha watoto wao Ayatul Kursiy, mimi ndiye naambiwa nina dawa. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba hawakukosea sana. Pilipili za kuzungushia nilichoma kweli, jikoni, miezi michache nyuma. Walikosea mlango tu.

Wakati huo huo binti yangu alikuwa amefika kwenye rangi. Alikuwa anaamka saa tatu asubuhi, anakula mkate na yai, anavaa shati langu la zamani na kupaka. Ukuta wa kushoto ulikwisha kwa siku tano. Alisema akimaliza wa kulia ataandika barua pepe kwa chuo, kuuliza kama wanaweza kumpokea tena mwezi wa tisa. Alisema hivyo bila kunitazama, huku anakoroga rangi. Nikaitikia kwa kichwa tu, nikaenda chooni nikalia.

Kwa hiyo nilijua niko katikati ya nini na nini. Msinielewe vibaya, sikuwa sijui.

Jumamosi walikuja watatu. Aliyetangulia alikuwa shoga yangu wa miaka mingi, mama wa wanafunzi wangu wa kwanza kabisa, mtu niliyemshika mkono alipojifungua. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Nilikuwa kibarazani, natandaza magazeti chini ya ukuta wa kulia. Wakapiga hodi kutoka njiani.

"Karibuni, karibuni ndani," nikasema.

"Hapa hapa panatosha, Mwalimu," akasema shoga yangu.

Walisimama kwenye mvua. Watu wazima watatu chini ya mwavuli mmoja, na kibaraza kikavu kiko hatua mbili mbele yao. Mgeni wa kwetu akikataa kuingia kwako hakuna tusi linalobaki. Hakuniita shoga, aliniita Mwalimu, na jicho lake lilikuwa juu ya kichwa changu, kwenye pembe.

"Hatukuja kwa ubaya," alisema. "Tumekaa tukasema, tumuulize mwenyewe. Watu wanasema mengi. Na wewe ndiye unayewasomesha watoto."

"Ni urembo," nikasema.

"Urembo," akarudia mwenzake mmoja, kwa upole kabisa, na wakatazamana.

Miaka kumi na moja. Nikafungua mdomo, na wallahi hata leo nayasikia maneno yangu kama ya mtu mwingine. Nikasema, "Si yangu mimi. Ni ya mwanangu. Mwanangu anaumwa, ana maradhi ya akili. Chuo alishindwa, yuko chumbani tangu mwezi wa kwanza, anakunywa vidonge. Haya mapambo ndiyo yanayomtuliza. Nimemwachia tu. Mniwie radhi."

Kisha mwavuli ukafungwa. "Masikini ya Mungu," akasema shoga yangu, "kwa nini hukutuambia, shoga?" Wakaingia wote watatu, chini ya pembe, chini ya pilipili, bila hata kutazama juu. Walinikumbatia. Na nitasema jambo la aibu: nilijisikia vizuri. Kifua kilifunguka. Nilikuwa Mwalimu tena, tena Mwalimu mwenye mtihani wa Mungu, ambaye watu humpenda zaidi.

Nilipogeuka, binti yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani na kopo la rangi. Anakielewa Kiswahili chote. Siku zote anakielewa.

Akaweka kopo chini. "Shikamooni," akasema, na kwa kila mmoja akainamisha kichwa kama nilivyomfunza alipokuwa mdogo. Wakamwitikia marahaba kwa sauti ile watu wanayotumia wodini. Akachukua brashi, akapaka kidogo ukutani, labda dakika kumi, mgongo ametugeuzia, na sisi tunazungumza habari za bei ya mchele kwa kuwa hakuna aliyejua aseme nini. Kisha akaiweka brashi juu ya kopo, akapanda ghorofani. Pale rangi inapokatika ndipo alipoachia.

Watoto walirudi wote kumi na watatu. Pamoja nao zikaja sahani za pilau, chupa za maji yaliyosomewa, na jina la sheikh wa mji mwingine. Mmoja alipendekeza aolewe. Kwenye kundi la simu la kina mama likapita tangazo tumwombee mtoto wa Mwalimu, na ndani ya siku mbili wasichana aliosoma nao chuo kwangu wakaanza kumwandikia pole. Mzazi mmoja akaninong'oneza kwamba pembe zile, sasa tunajua ni za nini, lakini watoto wadogo wanaogopa. Nikapanda kwenye stuli nikalishusha fuvu, na pilipili, nikaviweka chini ya ngazi karibu na mita ya umeme.

Yamini iliyovunjwa ina kafara yake, nami najua hukumu, nimeifundisha. Unalisha masikini kumi. Nilipika wali na maharage, nikafunga sahani kumi, nikazipeleka mjini kwa watu wanaolala nje karibu na stesheni. Mmoja aliniuliza kama kuna pilipili. Nikarudi nyumbani, nikagonga mlango wa binti yangu, nikamwambia kupitia mlango: nimetoa kafara, mwanangu, nimelisha watu kumi.

Kisha akanijibu, na alinijibu kwa Kiswahili, polepole, Kiswahili changu cha Tanga kabisa, ambacho, ukiacha salamu, sikuwa nimekisikia kinywani mwake tangu akiwa na miaka minne.

"Ungewaambia tu ni uchawi, Mama."

Nilikaa pale kwenye ngazi. Nilikuwa nimefikiri kila kitu isipokuwa hilo. Kwamba kulikuwa na mtu mmoja wa kuaibika siku ile, na nafasi ilikuwa yangu, imewekwa juu ya kichwa changu kwa misumari, na mimi nikaikwepa nikamsukumia yeye.

Jumamosi iliyofuata nilitoa fuvu chini ya ngazi. Nililiosha kwa maji ya uvuguvugu. Nikapanda stuli, nikalipachika, likakaa upande kidogo, nikafunga kishada cha pilipili chini yake. Shoga yangu akafika na wanawe wawili wadogo. Akasimama njiani.

"Pembe imerudi," alisema.

"Imerudi."

"Mtoto tena?"

"Hapana," nikasema, na nikasema kwa sauti ya kufika dirishani. "Siku ile niliwaongopea. Mwanangu mzima, amechoka tu na masomo. Hii ni yangu. Ni kinga yangu, nimeiweka mimi kwa mkono wangu, na pilipili nazichoma pia. Muulize jirani."

Mimi, mwalimu wa Kurani, nilisema hivyo mbele ya watoto. Najua uzito wake na najua nitaulizwa. Shoga yangu alinitazama kama mtu anayesoma barua ya kifo. Alishika wanawe, mmoja kila mkono, wakarudi kwenye gari. Nilijua atakachokibeba. Kati ya mtoto mgonjwa na mwalimu mchawi, watu hawahitaji muda kuchagua habari tamu.

Chuo changu kimekwisha. Mkeka nimeukunja. Kwenye sherehe za watu siitwi tena, na nimesikia sasa wanasema mimi ndiye niliyemfanya mwanangu vile kwa dawa zangu. Jirani yangu Mkongo bado anakuja, anakaa chini ya pembe na kunywa chai, anasema bale bengine ni bajinga. Kazini Edgbaston hakuna kilichobadilika, trei ni zile zile.

Sijui kama alinisikia siku ile. Dirisha lake lilikuwa wazi kidogo, lakini huwa analala na dirisha wazi. Barua pepe kwa chuo hajaandika. Wiki iliyopita nilirudi kutoka kazini nikamkuta kibarazani na soksi, anatazama juu. Akanyoosha mkono akaliweka fuvu sawa. Kisha akagusa ukuta pale rangi inapoishia, akapita pembeni yangu akapanda ngazi.

Brashi yake iko ndani ya kopo la maji nyuma ya chungu. Kila Jumamosi asubuhi, saa ile watoto walipokuwa wakianza kufika, nabadilisha maji, isije ikakauka.